Akiba haiozi, lakini huibwa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini jambo moja limenikera mpaka nikaona afadhali niliandike. Juzi rafiki yangu aliniomba nimwangalizie seva ya biashara yake ndogo. Nikamuuliza, "Nakala za akiba unachukuaje?" Akanijibu kwa furaha: kila usiku tarakilishi ya ofisini inaingia kwenye seva kupitia SSH kama root, inachukua kila kitu kwa rsync, kisha inatoka. Akaongeza kwamba mpango huo umefanya kazi mwaka mzima bila shida.

Nilinyamaza kidogo. Mpango huo naujua vizuri, kwa maana niliwahi kuujenga mimi mwenyewe.

Kwa wale ambao si mafundi, root ni mtumiaji mkuu katika mifumo ya Linux na jamaa zake. Namba yake ni 0, na mfumo karibu haumkatalii kitu. Anasoma faili la mtu yeyote, anafuta diski nzima, anabadilisha nywila za wote. Na hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa. Ukitaka kunakili seva nzima unahitaji kusoma kila faili, na anayeweza kusoma kila faili ni root. Basi fundi anasema, "Kwa nini nihangaike? Naingia kama root, yamekwisha." Maoni yangu leo ni kwamba njia hiyo ya mkato ni kosa, tena kosa la hatari kuliko kukosa nakala kabisa. Asiye na nakala anajua hana, kwa hiyo anatembea kwa uangalifu. Mwenye nakala zilizofungwa kwa ufunguo wa root anajiona salama huku mlango wa nyuma uko wazi.

Nitawaeleza yaliyonipata.

Mwaka 2021 nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, shahada yangu ya sayansi ya kompyuta bado ina joto. Ushirika mmoja wa wafugaji wa maziwa ulinipa kazi ya kuwatengenezea mfumo. Kila asubuhi mkulima analeta maziwa, karani anapima kilo, anaziandika kwenye simu, na hesabu inaenda kwenye seva tuliyoikodi ng'ambo. Mwisho wa mwezi mfumo unajumlisha na kila mtu analipwa. Mkulima naye anabaki na kijitabu chake ambacho karani anaandika kilo zilezile kwa kalamu.

Nakala za akiba nilizipanga kama rafiki yangu. Tarakilishi kuukuu iliwekwa kwenye kona ya ofisi ya ushirika. Ndani yake nikaweka ufunguo wa SSH usio na nywila, kwa sababu kazi ilikuwa inafanyika saa nane usiku na hapakuwa na mtu wa kuandika nywila. Ufunguo ule ulikuwa unafungua akaunti ya root kwenye seva. Halafu, ili niweze kufanya kazi nikiwa nyumbani, nikafungua mlango kwenye ruta ya ofisi ili niifikie ile tarakilishi kuukuu kutoka nje. Nywila yake ilikuwa nyepesi. Sitaiandika hapa, ninaona haya mpaka leo.

Nadhani mmeshajua mwisho wake. Wadukuzi hawakuanzia kwenye seva, ambayo nilikuwa nimeilinda kwa bidii. Walianzia kwenye mashine ya akiba. Wakakuta ufunguo, wakakuta historia ya amri inayoonyesha anwani ya seva, wakaingia huko kama root bila kuulizwa chochote. Wakafuta hifadhidata, wakarudi wakafuta na nakala, wakaacha ujumbe wa kudai pesa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ile mashine niliyoiweka iwaokoe ndiyo iliyowaua.

Ilikuwa tarehe 23 ya mwezi. Mama mmoja aliyekuwa mweka hazina alinitazama akasema, "Kijana wangu, si ulituambia kumbukumbu ziko mahali pawili?"

Nikamjibu, "Mama, ziko pawili kweli. Lakini ufunguo ulikuwa mmoja."

Tulijenga upya hesabu ya mwezi ule kutoka kwenye vijitabu vya wakulima. Makarani wawili na mimi, siku sita, tukisoma maandishi ya kalamu yaliyofifia. Wengi walipata haki yao. Lakini kuna mzee mmoja ambaye kijitabu chake kilikuwa kimelowa mvua na kurasa zimeshikana. Hatukuweza kujua alileta kilo ngapi. Tukakadiria kwa mwezi uliotangulia, akatia sahihi bila kulalamika. Mpaka leo sijui kama tulimpunja.

Msidhani haya huwapata vijana wa mashambani tu. Mwezi wa Juni 2014 kampuni iliyoitwa Code Spaces, ambayo ilikuwa inawahifadhia watengenezaji programu kazi zao, ilivamiwa. Mvamizi alipata udhibiti wa akaunti yao ya wingu la Amazon. Kwa kuwa data na sehemu kubwa ya nakala zilikuwa chini ya mamlaka ileile, alizifuta pamoja. Kampuni ikafunga biashara. Na Februari 2019 huduma ya barua pepe ya VFEmail ilishambuliwa na mtu aliyefuta diski za seva zao Marekani, za kazi na za akiba pia. Hawa walikuwa na nakala. Walichokosa ni nakala ambayo mwenye kuishika seva hawezi kuigusa.

Sasa, mtu akitambua hatari ya root, jambo la kwanza analofanya ni kukimbilia sudo. Anamtengeneza mtumiaji wa kawaida, tumwite akiba, halafu anamruhusu kuendesha rsync kwa mamlaka ya root bila nywila. Anafurahi kwamba hakuna tena anayeingia kama root. Samahani, lakini huko ni kumvisha root kofia tu. Ukiandika kwenye sudoers kwamba akiba anaweza kuendesha rsync kisha ukaweka kinyota, umemruhusu kuweka hoja zozote. Anaweza kuandika juu ya faili za /etc, na kupitia chaguo la -e anaweza kuifanya rsync iite programu nyingine yoyote. Aliyeuiba ufunguo wa akiba basi ni root, ila amechelewa dakika moja.

Hata ukimbana asome tu, asiandike, bado kuna neno. Anayesoma kila kitu anaweza kuiba kila kitu. Ndani ya seva kuna /etc/shadow yenye alama za nywila, kuna funguo za seva yenyewe, kuna faili za mipangilio zenye siri za kuunganishwa na malipo ya simu. Kwa hiyo swali si "nitampaje mtu wa akiba uwezo wa kusoma vyote?" Swali ni "kwa nini mtu wa akiba asome chochote?" Mpagazi hahitaji kujua kilichomo ndani ya sanduku. Kazi yake ni kulibeba.

Hapo ndipo nilipofika baada ya aibu ile, na ndio mpango ninaoutumia hadi sasa. Kanuni yake ni fupi: root asisafiri. Afanye kazi yake ndani ya seva, afunge mzigo, auache mlangoni. Anayekuja kuuchukua kupitia mtandao awe mtu asiye na cheo.

Nitaeleza kwa hatua.

Kwanza, ndani ya seva, cron inaendesha skripti usiku. Hifadhidata inatolewa kwa pg_dump, na hata hapo hatuhitaji mkuu wa hifadhidata. Tangu PostgreSQL 14 iliyotoka mwaka 2021 kuna jukumu liitwalo pg_read_all_data, linaloruhusu kusoma majedwali yote bila kuandika. Kisha tar inakusanya toleo hilo pamoja na faili muhimu, na GnuPG inasimba furushi zima, yaani inaligeuza kuwa fumbo lisilosomeka:

tar -czf - /etc /srv/maziwa | gpg --batch --trust-model always -e -r akiba@mfano.test -o /var/akiba-kazi/furushi.gpg

Kumbuka kwamba seva ina ufunguo wa umma tu. Ufunguo wa umma unafunga, haufungui. Ufunguo wa siri haumo kwenye seva wala kwenye mashine ya akiba. Wangu uko kwenye flashi mbili, moja kwenye sefu ya ofisi na nyingine kwingine kabisa, na umechapishwa pia kwenye karatasi. Ukiupoteza huo umepoteza nakala zote, kwa hiyo usifanye mzaha.

Furushi likishakamilika ndipo skripti inalihamisha kwa mv kwenda /var/akiba, ikilipa jina lenye tarehe. Saraka hizo mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili ili uhamisho uwe wa papo hapo, mpagazi asije akakuta furushi lililofungwa nusu. Mwenye /var/akiba ni root. Kundi la akiba linaruhusiwa kusoma tu.

Pili, mtumiaji akiba. Hana nywila, hana sudo, anaingia kwa ufunguo tu, na ufunguo wake umefungwa kamba kwenye authorized_keys namna hii, yote kwenye mstari mmoja:

restrict,from="203.0.113.7",command="/usr/bin/rrsync -ro /var/akiba" ssh-ed25519 AAAA...

Neno restrict lilikuja na OpenSSH 7.2 mwaka 2016. Linazima vyote kwa pamoja: kupitisha milango, kupata kiwambo cha amri na mengineyo. Neno from hapa linakubali anwani hiyo moja tu ya IP. Kama ofisi yako hubadilishiwa anwani na kampuni ya intaneti, liache. Na command inasema kwamba hata mwenye ufunguo akiomba nini, kitakachoendeshwa ni rrsync peke yake. Hii ni skripti ndogo inayokuja pamoja na rsync, inayomfungia mgeni ndani ya saraka moja. Chaguo la -ro linamaanisha kusoma tu. Angalia ilipo kwenye mfumo wako, maana matoleo ya zamani huiweka kwenye saraka ya nyaraka. Jambo moja linalowasumbua wengi: usimpe akiba ganda la nologin, kwa sababu sshd huendesha amri hiyo ya lazima kupitia ganda la mtumiaji. Ukimpa nologin hakuna kitakachotembea, na utakesha ukitafuta kosa.

Ukimaliza hapo, weka PermitRootLogin no kwenye sshd_config. Root hana tena safari.

Tatu, mashine ya akiba. Nayo inafanya kazi kama mtumiaji wa kawaida, si root:

rsync -a --ignore-existing --partial-dir=.vipande akiba@seva.mfano.test:/ /hifadhi/maziwa/

Chunguza kisichokuwepo hapo. Hakuna --delete. Wengi huiweka ili pande zote zifanane, lakini fikiria: mdukuzi akifuta upande wa seva, usiku ule ule mashine yako ya akiba itafuta kwa utiifu upande wake. Na --ignore-existing inazuia mtu kuchukua jina la furushi la wiki jana na kuliandikia takataka juu ya lile zuri. Chaguo la --partial-dir ni kwa ajili ya mitandao yetu. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuchechemea? Uhamisho ukikatikia njiani, kipande kinahifadhiwa pembeni na kesho unaendelea pale pale. Usitumie --partial ya kawaida hapa, kwani itaacha furushi lenye nusu likiwa na jina kamili, na --ignore-existing italiruka milele ikidhani limekamilika. Hilo nalo nilijifunza kwa machungu.

Faida nyingine ni kwamba mashine ya akiba ndiyo inayopiga simu, yenyewe haipigiwi. Haihitaji mlango wowote ulio wazi kwenye ruta. Laiti ningelijua hivyo mwaka ule.

Sasa tupime. Mdukuzi akiiteka mashine ya akiba anapata nini? Mafumbo asiyoweza kuyasoma, na ufunguo unaoweza kuchukua mafumbo zaidi. Anaweza kuyafuta, kweli, lakini seva iko salama na kesho utapeleka nakala kwenye mashine nyingine. Akiiteka seva yenyewe anapata nini? Data ya leo, na hilo ni baya. Lakini nakala za jana na za mwezi jana hawezi kuzigusa, kwa sababu seva haina ufunguo wowote wa kwenda kwenye mashine ya akiba. Hakuna nyumba inayofungua nyumba nyingine. Anayetaka kuwamaliza itabidi aibe mara mbili.

Najua pingamizi zitakazokuja, acha nizijibu.

La kwanza: "Njia hii inakula diski." Ni kweli. Uzuri wa rsync, iliyotangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ni kutuma tofauti tu. Furushi lililosimbwa halina tofauti ndogo. Kila usiku ni jipya zima. Kwa ushirika ule furushi lilikuwa megabaiti sitini hivi, si kitu. Kama una mamia ya gigabaiti, tazama Borg au restic, ambazo husimba na bado hutuma vipande vipya tu. Huko seva ndiyo inayosukuma nakala, kwa hiyo hakikisha upande wa kupokea unakubali kuongeza tu, si kufuta. Borg ya toleo la 1 ina borg serve --append-only kwa kazi hiyo. Na ukitaka kunakili faili moja moja na kuhifadhi wamiliki wake bila kuwa root upande wa kupokea, rsync ina --fake-super tangu toleo la 3.0.0 la mwaka 2008. Huandika wamiliki pembeni ya faili badala ya kuwaweka kweli.

La pili: "Mimi ni mdogo, nani atanitafuta?" Hakuna aliyeutafuta ushirika wa maziwa. Programu zao hugonga kila mlango duniani na kuingia palipofunguka. Tena siku hizi kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inamtaka anayesimamia data za watu amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 pale data zinapovuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe. Nakala ya akiba ya wateja wako ni data za wateja wako. Ikiibwa bila kusimbwa, imevuja.

La tatu, na ndilo zito: "Utajuaje kama furushi lako linafunguka?" Hujui mpaka ulifungue. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa makosa saraka ya hifadhidata kwenye seva ya kazi. Walipoenda kutafuta nakala za pg_dump wakakuta hazipo, kwa sababu programu ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na ilikuwa inashindwa kimyakimya. Waliokolewa na picha ya diski iliyopigwa saa sita kabla. Mimi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachomeka flashi kwenye tarakilishi isiyo na mtandao, nafungua furushi moja, narudisha hifadhidata, nahesabu wakulima. Inachukua chini ya saa moja. Ukiwa huna saa moja kwa mwezi, basi huna nakala za akiba, una matumaini.

Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hii yote si kazi nyingi kwa duka la vipuri. Tukakaa naye, tukaanza saa tatu asubuhi, na kufikia saa saba mchana root alikuwa hasafiri tena. Asubuhi moja tu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, haiozi, lakini huibwa, na huibwa kwa urahisi zaidi ikiwa umeifungia kwa ufunguo ule ule wa nyumba. Leo jioni kabla hujalala, ingia kwenye mashine yako ya akiba, tazama saraka ya .ssh, na ujiulize kila ufunguo uliomo unafungua nini. Ukikuta mmoja unaofungua root mahali fulani, usiahirishe mpaka kesho.

Mimi ningempa yule mzee wa kijitabu kilicholowa mvua chochote kile, laiti ningekuwa nimejiuliza swali hilo mapema.

Tuonane tena.